Mstari Nyuma ya Kabati

Tangi lilitoka kwenye baa iliyofungwa Kijitonyama,
futi tano urefu, kioo unene wa kidole,
bado likinuka bia na moshi wa nyama choma.
Watu sita walilitoa kwenye kirikuu,
wakadai soda, kisha wakadai na chapati,
nami nikasema: wekeni hapa ukutani, palipo sawa.
Fundi Mkude akacheka.
"Palipo sawa? Nyumba hii?"

Akaiachia gololi ya Mwajabu sakafuni.
Haikusita. Ikapita chini ya meza,
ikapita ndara za mama, ikafika mlangoni,
ikagonga kizingiti, ko,
ikatulia.

Sakafu hii ilimwagwa kwa mafungu:
mifuko mitatu mwaka wa kiinua mgongo,
miwili ilipofika zamu yetu ya upatu,
nusu mfuko wa kukopa, mchanga mwingi.
Na mama ndiye aliyeagiza iinamie mlangoni
ili maji ya deki yatoke yenyewe.
Miaka ishirini yanatoka, yakimtii.

Sasa mwanawe anataka maji yakae.

"Lita mia tano," Mkude alihesabu
kwa vidole vyenye saruji, "ni nusu tani.
Ni ng'ombe wawili wamelala sebuleni kwako.
Wakiegemea upande mmoja, kioo kitalia usiku,
nawe utaamka unaogelea."
Pimamaji yake fupi, kipovu kimejibana pembeni
kama mtu aliyenuna harusini.
Tukachomeka kabari za mninga chini ya stendi,
chini ya miguu, si chini ya kioo,
kioo hakipendi kuchokonolewa.
Kipovu kikahama, kikapita katikati,
kikaenda kununa upande wa pili.

Ndipo tukalisogeza kabati la vyombo
tupate nafasi ya mpira wa maji.
Nyuma yake rangi haikuwahi kufika.
Na pale, usawa wa kifua changu, mstari:
wa kahawia, mwembamba, umenyooka
kuliko kitu chochote kilichowahi kunyooka kwetu.

Mama hakuinuka kitini.
"Msimbazi huo. Ulilala humu siku mbili.
Godoro lako lilielea hadi jikoni.
Tulipaka kote. Pale mkono haukufika."

Mkude akashika ncha moja ya mpira, mimi nyingine.
Maji yakapanda, yakashuka, yakahema,
yakasimama juu ya mstari ule,
kwake na kwangu, bila tofauti ya unywele.
Hakusema kitu. Alivua kofia yake ya sufi,
akaitia pimamaji mfukoni,
akaanza kupima kutoka kwenye tope lile kwenda chini:
kushoto, sentimita mia na ishirini na nne;
kulia, ishirini na sita na nusu.

Kabari tano. Ya mwisho nyembamba kama kadi ya kliniki.
Tukajaza nusu, tukangoja tangu adhuhuri hadi alasiri,
tukapima pembe zote kwa rula ya shule ya Mwajabu:
thelathini, thelathini, thelathini,
na thelathini kasoro kidogo sana
ambayo Mkude alisema ni macho yangu.

Tulipokaribia kumaliza, mama akaja na kikombe.
"Samaki wako wapi?"
"Wiki ijayo. Maji kwanza yatulie."
"Haya yametulia," alisema. "Yasiyotulia nayajua."
Akamimina kikombe chake polepole,
akarudi nyuma, akafumba jicho moja,
akalinganisha uso wa maji na mstari ukutani.
Vidole vinne chini yake.
"Hapo hapo," alisema. "Yasivuke."

Kabati hatukulirudisha.
Na gololi, mpaka leo anapokuja kuitafuta Mwajabu,
iko kizingitini.