Ngazi ya Kioo

Mimi ndiye mwenye funguo. Mia na kumi na mbili,
na kila mmoja una kibati chake.

Walipokuja na ramani waliitandaza juu ya boneti,
wakaibana kwa mawe manne,
na msanifu, binti Khasoa, akaweka kidole:
Hapa, ngazi. Kioo kitupu, kutoka chini hadi orofa ya tano,
ili anayepanda aonekane anapanda.
Bwana Mukabwa, mwenye kiwanja, akauliza bei,
akaambiwa, akatazama ng'ombe wa jirani kwa muda mrefu.
"Kakamega hii? Mvua ya saa tisa huja na mawe."
Palipochorwa sebule kubwa
yeye aliona vitanda sita, kodi sita.

Baba mmoja wa Malava alimleta bintiye Nekoye.
Akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole
kama mtu anayechagua tikiti maji:
"Vyuma vya dirisha viko wapi?"
Binti naye: "Intaneti inafika kitandani?"
Hawakusikilizana. Walilipa.

Waliohamia kutoka kwa Mama Ayuma, vile vyumba vya mabati
ambako milango yote hutazama ua mmoja, bomba moja,
na ukikaanga kitunguu kila mtu anajua una kitunguu,
walinijia usiku wa pili:
"Mzee, hapa mtu akifa atajulikana kwa harufu."

Lakini Shitandi wa 3D alishukuru Mungu.
Miaka kumi na tisa amelala watatu kitanda kimoja,
sasa ana mlango, mlango una kitasa,
kitasa kinageukia ndani.
"Niacheni nisisalimiwe kidogo," alisema.
Sikumlaumu.

Kamba za nguo hazikuchorwa. Hilo ndilo neno langu.
Nilisema: Dada, watoto hawa wana suruali.
Akacheka, eti sura ya jengo itaharibika.
Leo chupi zinaning'inia kwenye vibaraza vyake vya mapambo,
nyekundu, buluu, za mistari,
bendera za nchi ambazo hazijapata uhuru.

Sebule walipatana iwe ndogo.
Viti vya plastiki, runinga.
Nilifagia humo vumbi ambalo hakuna aliyelikanyaga.

Ikafika Aprili. Ilinyesha kutwa, ikakatika ghafla,
ardhi ikafuka kama sufuria iliyofunuliwa,
na taa za ngazi zikajiwasha zenyewe,
orofa tano za mwanga katikati ya mahindi.
Kumbikumbi walituona, nadhani, tangu Shinyalu.
Walikuja hadi kioo kikaota manyoya.

Mlango ukafunguka. Halafu wa pili.
Mtu akashuka na beseni, mtu na ndoo ya kuogea,
Shitandi akashika shuka upande mmoja
na upande wa pili Nekoye,
miezi mitatu jirani, jina hajui.
Mutinda wa 5A, aliyetoka Kitui, aliziba pua,
akaonja mmoja, akauliza chumvi iko wapi.
Kanuni ya tisa inakataza majiko vyumbani.
Nililisikia jiko. Mwenye kanuni ni mimi.
Nililetewa sahani.

Asubuhi nilizoa mabawa, debe mbili.
Nikampigia msanifu. "Si nilikwambia?
Watu hukutana kwenye ngazi."
Nikampigia Bwana Mukabwa. "Si nilisema?
Kioo huita wadudu. Zima hizo taa."
Baba wa Malava alipiga mwenyewe:
usiku wote ule, bintiye alikuwa nje na nani?

Nilijibu wote watatu ndiyo, ndiyo, nimesikia.
Swichi nimeiacha ilivyo.
Shitandi bado anajifungia, ila sasa akipita husema jambo.

Mabawa machache yamenasa kwenye mpira wa kioo,
juu kabisa, orofa ya tano,
mahali ambapo ngazi yangu mimi, ile ya mbao,
haifiki.