Dokezo la Ijumaa

Ijumaa, saa nne na robo, rimu la gari likishagongwa,
Mwalimu Eliawony hubandika karatasi moja ofisini
kwa pini tatu; ya nne ilipotea tangu Pasaka.

Habari za wiki.
Zamu: Mbwambo na mimi.
Mchango wa uji, darasa la pili bado.
Aliyeokota funguo za stoo azirudishe, hataulizwa.
Mgeni kutoka halmashauri ya Moshi atafika Jumanne, au hatafika.

Na chini, ndani ya kisanduku alichokichora kwa rula:
Dokezo la Teknolojia.

Wiki ya kwanza: Usichomoe projekta ikiwa bado inapumua.
Mbwambo akauliza kama inanyonya pia.
Wiki ya pili: Nywila isiwe jina la mume wako.
Nikaweka jina la ng'ombe.
Ng'ombe akauzwa, na nywila nikaisahau.
Wiki ya tatu umeme haukuwepo,
kisanduku kikabaki kitupu,
na kwa mara ya kwanza dokezo nikalielewa lote.

Miaka thelathini na mmoja nimefundisha kwa chaki.
Vumbi lake linanijua. Linapanda nami hadi Kibosho,
linalala kwenye kola, Jumapili linakwenda kanisani.
Kishikwambi nilipopewa nilikivika soksi ya marehemu,
nikakilaza kabatini kati ya kamusi na sumu ya panya.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe;
huyu alikuwa na mwaka wa pili
na hajashika hata mpini.

Wiki ya saba:
Picha ikiwa ndogo, weka vidole viwili uvitanue,
kama unayefumbua jicho la ndama aliyezaliwa usiku.
Hivyo hasa ndivyo alivyoandika, huyo mtoto wa Uru,
na mwalimu mkuu akapiga mstari mwekundu:
"Lugha ya kiofisi, tafadhali."

Jumatatu mvua ikapiga bati
hadi sauti yangu ikakosa pa kukaa.
Vitabu vitano, watoto sitini na wanne.
Nikakivua soksi, nikapiga picha ukurasa,
nikapita nao dawati kwa dawati.
La mwisho, dirishani, ni la Kundaeli.
Kundaeli ambaye "baba" akiinakili huwa "dada",
anayesoma kwa mdomo wa jirani yake,
niliyemwandikia kwenye ripoti, mihula mitatu mfululizo,
kwa mwandiko wangu mzuri: Hana bidii.

Akaweka vidole viwili. Akavitanua.
Herufi ikavimba ikawa kama parachichi.
Akanyamaza.
Kisha akasoma, polepole, kwa mdomo wake:
"Mto... unashuka... mlimani."
Akainua uso. "Mwalimu, kumbe i ina nukta?"

Sikumjibu. Mvua ilinisaidia.

Walipotoka nikachuchumaa pale pake, kwa magoti haya,
nikautazama ubao. Mimi niliusoma.
Yeye miaka yote hii alitazama ukuta mweusi
unaodondosha unga.

Ijumaa. Habari za wiki.
Zamu: Eliawony na Towo.
Mchango wa uji, darasa la pili bado.
Funguo za stoo zimepatikana; kilichopotea sasa ni vilivyokuwa stoo.
Mgeni hakuonekana, na mlima nao pia.
Kundaeli wa darasa la tatu amepimwa macho.
Miwani bado. Bibi yake ameulizia bei, kisha akaulizia bei ya kuku.

Kisanduku wiki hii kina mwandiko wangu.
Eliawony aliniomba nikakataa mara mbili,
ya tatu nikamwomba rula.
Dokezo: Kabla hujawasha chochote, nenda ukakae dawati la nyuma.
Mwalimu mkuu hakupiga mstari.
Mbwambo akauliza kama dawati hilo linatumia umeme.

Ripoti zile tatu zimo kwenye faili la kijani.
Jana, ofisi ikiwa tupu, nilizitoa,
nikaweka vidole viwili juu ya karatasi, nikavitanua.
Mwandiko ukabaki vilevile,
mzuri.