Nubia si Mnubi

Jina akasema Nubia, nami nikaandika kabila: Mnubi.
Kalamu ilikuwa inavuja, foleni ya akina mama
ilikwishafika kwa muuza makaa,
na Jumamosi sina muda wa kumuuliza mtu kitovu chake kilizikwa wapi.

Kumbe ametoka Kolombia,
mji wa Quibdó, ambako, anasema,
mvua hainyeshi, inahamia.
Mweusi kama sisi, paji la uso la shangazi yangu Kaltuma,
ila Kiswahili chake kinapanda ngazi pasipo na ngazi.
Akatundika mizani kwenye boriti ya zahanati,
akamning'iniza mtoto wa kwanza,
mtoto akamkojolea mpaka kwenye viatu.
Kilo sita na nusu.
Karibu Makina, nikamwambia.

Wiki ya pili akaja na wenzake.
Graciela wa Peru, mfupi, sauti ya kuuzia samaki,
mshonaji wa vyandarua vilivyotoboka.
Na Ofelia wa Meksiko, mke wa fundi saa wa Ngara,
anayekoroga uji wa watoto kinyume
kwa sababu mama yake alitumia mkono wa kushoto.

Novemba ikaingia na vuli yake.
Ofelia alikwenda kumwaga taka kando ya reli,
akasimama ghafla.
Tukadhani amekanyaga chupa.
Alikuwa ameng'oa gugu, mubangi,
lile linaloganda nguoni kwa harufu,
lile tunalofukuzia viroboto,
amelikumbatia kama mgeni aliyempokea stesheni.
"Hili ni binamu wa ua la wafu wetu.
Limefikaje huku kabla yangu?"
Nani ajuaye. Gugu halikuulizwa kitambulisho.

Basi tukaweka meza nyuma ya zahanati.
Watoto walileta mubangi mafungu kwa mafungu,
tukawalipa maandazi.
Ofelia aliloweka mahindi usiku kucha ndani ya chokaa.
"Chokaa ya ukuta?" akauliza Bi Bakhita.
"Mnataka kutupaka rangi matumboni?"
Yakasagwa kwa Osebe, yakafungwa kwa majani ya mgomba.
Nubia aliweka glasi ya maji ya bibi yake, mkunga.
Graciela aliweka picha ya dada yake,
aliyekwenda sokoni Ayacucho na kikapu, asirudi.
Kaburi lake? niliuliza, kwa ujinga wangu.
Akainyoosha picha, ingawa haikuwa imepinda.

Bi Bakhita alisimama mlangoni ndani ya gurbaba ya manjano.
"Sisi wafu wetu tunawaombea. Hatuwapakulii."
Akaondoka.
Nikajua tumeshamuudhi, na mwenye ufunguo wa bomba ni yeye.
Akarudi na tabaga ya marehemu mama yake,
nyekundu na kijani, ukingo mmoja umeliwa na panya.
"Chakula kitaliwa na wazima, kiwekeni hapa.
Hizo sufuria zenu zinatia aibu."

Tulikula. Ofelia alikula kidogo.
Jioni, nikifunga daftari, nikamwonyesha Nubia kosa langu,
nikashika rula niukate mstari.
Kidole cha Bi Bakhita kikatua juu ya wino.
"Baba yangu alizaliwa nyuma ya msikiti huu,
wakamwandika Wengineo.
Akafa Wengineo.
Huyu kaandikwa Mnubi asubuhi moja,
bila kiapo, bila shahidi, bila nenda-rudi.
Mwache hapo. Kila Jumamosi nitakuja kutazama
jinsi jambo lenyewe lilivyo rahisi."

Nubia akauliza: wengineo, ni watu gani?
Nikamweleza.
Akacheka, halafu kicheko kikamwishia mdomoni.
Akachukua kalamu yangu inayovuja
na mbele ya jina lake, pale pa mahali pa kuzaliwa,
nilipopaacha wazi,
akaandika Quibdó, kwa herufi kubwa, akaweka na kile kialama juu ya o.

Nyumbani mume wangu alininusa.
Umetoka wapi na harufu hii?
Kando ya reli, nikasema,
nikala kwa mkono huohuo.