Nani Kasema

Zamani lilikuwa ghala la mazulia.
Harufu ya gundi bado ilipanda tulipopiga magoti,
nyuma ya barabara ya Hessle, mjini Hull,
ambako upepo wa mtoni hauombi ruhusa kwa mtu.

Sisi tuliomba.
Ruhusa ya kununua koti. Ruhusa ya kulala.
Ruhusa ya kumpigia Nabintu, dada yangu wa tumbo moja,
nayo nikanyimwa, kwa kuwa alicheka
nilipomwambia mshahara wangu unapita kwa Baba Mlinzi.
Alicheka, akanyamaza, kisha akauliza leo nimekula nini.
Nikaandika daftarini: dada ana roho ya dhihaka.

Daftari kila mtu alikuwa nalo.
Mawazo ya mchana tuliyaandika usiku,
Alhamisi tukayasoma kwa sauti, tumesimama.
Aliyesoma machache, anaficha.
Aliyesoma mengi, afunge siku tatu.
Nikajifunza kubuni dhambi za wastani.
Nilikuwa fundi, sikatai.
Na ya wenzangu niliyachungulia, nikayapeleka mbele:
Mwamini, na chokoleti yake ndani ya soksi,
ni mimi niliyemtaja.

Mlango haukuwa na kufuli.
Hilo watu hawalielewi hata nikilirudia.
Funguo zilikuwa mfukoni mwangu mwenyewe,
zikilia kila nikitembea.

Kazini nilimwogesha Bi Maureen,
miaka tisini na mmoja, vidole vimepinda
kwa kukata minofu ya samaki kiwandani.
Kumbukumbu yake ilikuwa pakacha: tia maji, yamekwenda.
Akaniambia, chukua biskuti.
Siruhusiwi, nikasema, leo nimefunga.
Nani kasema?
Nikamjibu. Akasahau.
Chukua biskuti.
Siruhusiwi.
Nani kasema?

Mara ya kwanza nilisema: Mungu.
Mara ya pili: Baba Mlinzi, kwa niaba ya Mungu.
Mara ya tatu: Baba Mlinzi.
Mara ya nne nikafungua mdomo
na povu la sabuni likanikaukia mikononi.

Simu yangu ilikuwa ikikaguliwa.
Kwa hiyo nikaingia kibandani,
vile vibanda vya simu vya Hull, rangi ya maziwa,
nikatumbukiza sarafu moja moja kama mtu anayelisha kuku.
Nabintu hakuuliza nilikuwa wapi miaka sita.
Akauliza nimekula nini.
Biskuti, nikasema,
na sarafu zikaisha kabla sijamaliza kulia.

Sasa naishi juu ya duka la dobi.
Mvuke unapanda hadi sakafuni, nyayo zangu zina joto.
Nilidhani kutoka ni siku moja.
Alhamisi, saa moja jioni, tumbo bado linajikunja,
na mkono unatafuta kalamu.
Dukani kuna mikate ya aina kumi na nne;
mara ya kwanza niliihesabu yote, nikatoka bila mkate,
nikakaa kwenye ukuta wa maegesho
nikimchukia mtu yeyote anayejua anapenda mkate gani.

Mwamini nilimwona kituo cha basi, mwezi wa pili.
Naye ametoka. Kanenepa, kapendeza.
Nikainua mkono. Akavuka barabara.
Sina la kusema juu ya hilo,
ila chokoleti niliyoinunua siku ile bado iko kabatini,
imeanza kupata weupe.

Kama bado naomba? Watu huuliza.
Naomba. Kwa ufupi, macho wazi, nikiwa nimeketi.
Pengine anasikia vizuri zaidi
sasa hakuna anayemtafsiria.

Jana nimenunua koti, la kijani, limenizidi mabega.
Muuzaji akauliza: ulivae hapahapa, au nilifunge?
Nikageuka nyuma
kumtazama atakayenijibia.
Palikuwa na kioo tu,
na ndani yake mwanamke mwenye koti kubwa,
anasubiri.