Waya wa Nne

Balasti mpya imetoka Gdańsk kwa posta,
ndogo kama kipande cha sabuni,
na soketi yake ina matundu matatu
pale ya zamani ilipokuwa na manne.

Veijo anaigeuza. Anaigeuza tena.
Saa tisa alasiri, Kemijärvi giza totoro,
na Aulikki anataka gari kabla ya zamu ya usiku:
kilomita sabini za msitu
na kulungu wasiojua kona wala breki.

Kwanza betri. Anachomoa hasi.
Umeme wa taa hizi hauombi radhi;
uliwahi kumgusa kaka yake kidoleni,
ukucha ukawa mweusi hadi Pasaka.

Anakata.
Mweusi kwa kahawia, na hapa pana mtego:
kwa Wajerumani kahawia ndiyo ardhi.
Mwekundu kwa manjano yenye mstari.
Wa nne hauna mwenzake.
Anaukunja, anauviringishia utepe,
mgeni aliyekosa kiti.

Moshi wa lehemu unanuka msonobari.

Swichi. Zambarau, buluu, kisha nyeupe pe
upande wa kulia;
kushoto, ile ya zamani, manjano ya chai.
“Gari limekuwa na makengeza,” asema Aulikki.
“La kushoto mwezi ujao, ukilipwa.”

Anaondoka. Theluji inafunguka mbele yake.
Veijo anatia mikono mfukoni
na kukuta skrubu.

Anatazama mwanga mpaka kwenye kona.
Hautikisiki.
Bado hautikisiki.