Mwenye Kifua

Jumatano, nyuma ya kanisa la Chumbageni,
Padre Mdoe aliandika herufi tatu kutoka kulia,
chaki ikamvunjikia kwenye ya pili.
"Khazoni," akasema. "Ianzieni kooni,
kama mtu aliyekwamwa na mwiba wa changu."
Tulikuwa wanne, na mmoja alifuata chai.
Tukakohoa sote kwa pamoja.

Maono, akatufasiria. Ya manabii.
Nikangoja moto, magurudumu,
wanyama wenye nyuso nne.
Yeye akajipangusa vumbi la chaki, akasema
herufi hizo hizo, ukizipa irabu nyingine,
ni kidari: kile kipande cha mnyama
ambacho kuhani alikitikisa mbele ya madhabahu.
"Kwa nini, sijui. Wenye elimu wanabishana.
Nendeni nazo nyumbani."

Nikaenda nazo Bombo.

Shangazi Makihiyo alikuwa wodini,
jicho la kushoto limezibwa pamba,
mtoto wa jicho katolewa asubuhi.
(Mtoto wa jicho: nasi tuna maneno yetu.
Miaka sita alimbeba, hakumpa jina.)
La kulia lilikuwa bado na ukungu wake.
Akanusa hewa.
"Umekula chungwa."
"Ndiyo, shangazi."
"Peke yako."

Nikamweleza lile neno. Nikamwambia manabii wa kale
hawakusema tu wamelisikia neno,
walisema wameliona.
Akacheka hadi muuguzi akamkataza:
atatibua mshono.
"Sasa unashangaa nini?
Mimi naona baridi tangu saa nane.
Jana niliona kiu. Bei ya mkonge ilipoanguka
babu yako aliona haya, akahamia Pongwe usiku
na kuku wake kwenye tenga.
Katika hivyo, kipi kilikuwa na rangi?"

Sikuwa na jibu.
Miezi minane nimejifunza kukwaruza koo
nikitafuta ng'ambo kitu
kilicholala mdomoni mwangu.

Kesho yake wakamfungua jicho.
Nilisimama mbele yake na shati la pasi,
nikitaka uso wangu uwe wa kwanza.
Akamtazama mjusi dirishani.
Akamtazama muuguzi: "Kumbe u mdogo hivi!"
Akazitazama baiskeli pale langoni,
moja moja, kama anayezidai.
Mwisho akafika kwangu, akakaa hapo.
Akanyoosha mkono, akafungua kifungo
nilichokipachika tundu la jirani,
akakirudisha kwake.

"Edina ameondoka," akasema.

Nikauliza nani kamwambia.
"Tangu Pasaka. Ulikuwa ukija kwangu Duga
nasikia hatua zako zimeegemea upande,
kama mtu aliyezoea kumpisha mwenziwe njiani,
na mwenziwe hayupo."
"Na hukusema neno!"
Akajigonga kwa vidole viwili, mara moja,
hapo hapo kwenye kidari.
"Nina kifua."

Basi nabii, nikawaza ngazini, ni yupi?
Mwenye kifua, au yule ambaye
siku moja kifua kimemshinda?
Nikawaza kumuuliza padre.
Nikajua atasema wenye elimu wanabishana.

Nilirudi Ngamiani kwa miguu,
barabara ya kumi na tatu, jua la saa saba.
Nikafungua mlango, nikaweka funguo juu ya daftari
penye zile herufi tatu, ya pili imekatika
kama nilivyoinakili, na ufa wake.
Mezani palikuwa na vikombe viwili,
kama kila asubuhi tangu Pasaka,
kimoja kimenywewa, kimoja kimefunikwa kisahani
inzi wasiingie.

Nikaviona.