Manjano ya Poti

Gunia la kumi na saba. Tsiala akachota kijiko,
akakimimina juu ya karatasi nyeupe.
Manjano. Manjano mno,
kama koti la mvua la mtoto,
kama kitu ambacho hakijawahi kulala udongoni.

Mashine ikanguruma dakika mbili,
ikatema tarakimu: risasi.
Si ile ya bunduki. Hii haina mlio.
Huingia na mchuzi, hujikunyata mfupani,
humnyang'anya mtoto herufi,
moja baada ya nyingine.

"Mama," akasema Zurabi, mwenye mzigo,
kofia mkononi, "wateja ndio wanaotaka rangi.
Ile ya kweli imepauka. Hawaigusi."

Chema chajiuza, twasema sisi.
Huku Poti chema kimekaa kona ya duka,
kimepauka, kinangoja.

Muhuri ukashuka mara arobaini.
Lakiri, fomu nne, saini.
Zurabi hakubisha. Aliuliza tu
kama atarudishiwa magunia yakiwa matupu.
Hapana, hata magunia.

Jioni, ghorofa ya tano,
Tsiala alifungua kabati kutafuta chumvi
na chupa ikamtazama:
ile aliyonunua kwa harusi ya Eteri,
kuku wa mchuzi wa jozi, wageni sitini,
wote wakisifu rangi.

Alikaa nayo mezani hadi maji yakachemka yakakauka.
Kisha akatoa kalamu ya kazini,
akaandika juu ya kifuniko: 41,
akaitia mkobani, kando ya funguo za maabara,
akawapikia wajukuu viazi
vyeupe.